Dawa ya Jicho na Mgomba wa Mbege

Aliyegundua ugonjwa wa binti yangu hakuwa daktari. Alikuwa mpiga picha, na sisi tulimtukana kwanza, shukrani zikaja baadaye.

Ubatizo aliokuja kuupiga picha ulichelewa. Mume wangu alikuwa mpishi wa safari za mlimani, na kila Jumapili tuliyopanga ilimkuta huko juu akiwachemshia wageni supu. Binti alipofikisha mwaka na nusu, mama mkwe wangu alisema tukiendelea kusubiri mtoto atakwenda kubatizwa kwa miguu yake na kubishana na mchungaji. Basi tukakusanyika kwake Marangu, mtoto akabatizwa, na mpiga picha kutoka Moshi mjini akatupanga mbele ya nyumba na kutumulika kwa flashi.

Picha zilipokuja, kila mtu alitoka vizuri isipokuwa mwenye sherehe. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe, linang'aa kama la paka aliyemulikwa tochi. Mama mkwe akamwita mpiga picha na kumwambia amemharibia mjukuu. Yule bwana akapiga nyingine bure. Jicho likatoka jeupe. Akaitwa tena, akasemwa tena, akapiga tena. Safari ya tatu alifika na bahasha, akakataa hata chai, akazitandaza picha zote mezani.

"Mama," alimwambia mama mkwe wangu, "mimi kukosea naweza. Lakini siwezi kukosea jicho lile lile mara tatu. Mpelekeni hospitali."

Tulimwona ana kiburi. Kesho yake nikampeleka, nikiwa na nia ya kurudi na cheti cha kumsuta.

Hospitalini mtoto alilazwa usingizi ili aangaliwe vizuri, kisha daktari akaniita. Alikuwa na mazoea ya kuchora anapoeleza, akachora macho mawili kwenye karatasi. Ndani ya lile la kushoto akapaka wino karibu lote. Ndani ya lile la kulia akaweka nukta mbili, moja pembeni, nyingine karibu kabisa na mahali pa kuonea. Akasema ni kansa ya jicho inayowapata watoto wadogo. La kushoto litolewe upesi kabla ugonjwa haujatoka humo kwenda kichwani. La kulia tunaweza kulipigania.

Nililia mpaka machozi yakaisha. Yalipoisha nilikasirika, na hasira ilinifaa zaidi, maana kwa hasira mtu anaweza kusaini karatasi. Jicho la kushoto likatolewa juma lile lile. Kuanzia siku hiyo dunia nzima ya binti yangu ilikuwa inaingia kwa tundu moja, na tundu hilo lilikuwa na nukta mbili.

Siku ya kuelezwa dawa nilikwenda na mama mkwe, kwa sababu mume wangu alikuwa tena mlimani na mama mkwe alikuwa amevaa tayari. Daktari alieleza kwamba mtoto atapewa dawa kwa dripu mara sita, akipumzika wiki tatu katikati. Dripu inapita mwili mzima. Pamoja na hiyo, mara mbili mtoto akiwa amelazwa usingizi, atachomwa dawa kidogo pembeni ya jicho, ibaki hapo hapo jirani na ugonjwa bila kuzunguka sana mwilini.

Mama mkwe alilipenda hilo la pili. Alisema dawa inayojua nyumba inakokwenda ni bora kuliko ile inayopiga hodi kijiji kizima. Kisha akauliza, "Sasa hiyo ya dripu, ikifika, inajuaje kula ugonjwa na kumwacha mtoto?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Haijui, bibi. Inakula kila kinachokua haraka. Ugonjwa unakua haraka, na nywele pia zinakua haraka. Ndiyo maana nywele zitadondoka."

"Aa," mama mkwe akasema, kama mtu aliyeulizia njia akaelekezwa vizuri.

Mimi ni mzaliwa wa Masama, na wakati huo nilikuwa fundi cherehani mjini. Mitumba ilipofunguliwa mlango watu waliacha kushonesha, nikabaki napunguza suruali za Wazungu wanene ziwaenee Wachagga wembamba. Kwa miezi ya dawa nilifunga cherehani nikahamia Marangu kwa mama mkwe. Kuishi na mama mkwe wa Marangu ukiwa mtoto wa Masama ni kusikia kila siku kwamba kwenu mtori wa ndizi hamjui kuupika. Nilivumilia. Nilikuwa na mambo makubwa zaidi ya mtori.

Dripu ya kwanza tulilazwa nayo wodini. Mtoto alitapika, akalala, akaamka, akadai ndizi. Ya pili waliturudisha nyumbani kesho yake, na sista wa wodi akanipa masharti. Kwa siku mbili mkojo na matapishi ya mtoto yatakuwa na dawa ndani yake, kwa hiyo nivae glovu, vyote nivimwage chooni, nguo zake nizifue peke yake. Mwenye mafua asimkaribie, maana askari wa damu yake watakuwa wachache. Na akipata homa, hata kidogo, tusingoje kupambazuke, tuje. Akanipa glovu za kutosha na kuniambia ni za kuvaa mara moja na kutupa.

Nilimweleza mama mkwe yote hayo nikiwa bado nafungua mizigo. Alisikiliza kwa makini sana. Tulipomaliza tukagundua kwamba mtoto hayupo ndani.

Alikuwa nyuma ya nyumba. Kila mjukuu wa boma lile alifundishwa kukojoa kwenye shina la mgomba, kwa sababu mkojo wa mtoto ni mbolea na kwa mama mkwe mbolea haitupwi. Binti yangu, mwenye adabu kama alivyofundishwa, alikuwa amechuchumaa kwenye shina la mgomba mnene kuliko yote shambani, wa ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi. Tulifika akisimama. Akatuonyesha alivyofanya, akingoja kupigiwa makofi kama kawaida.

Hatukupiga makofi. Mama mkwe alimwita Mungu kwa Kichagga, "Ruwa wangu," akaenda hadi kwenye mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani, akakata majani ya sale na kuyafunga kwenye ule mgomba. Mchagga akikuta sale limefungwa mahali hahitaji kusomewa. Hapo usiguse.

Kama angeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini ng'ombe wake, aliyekuwa zizini muda wote na hakuwa ameona chochote, alinyimwa majani ya migomba ya upande ule kwa siku tatu, akapiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza kama anazaa. Mama mkwe si mtu wa kudanganya. Aliwaambia. Na zile glovu, zilizosemwa za kutupa, niliziokoa mwenyewe kwenye kamba ya nguo zikiwa zimefuliwa na kuanikwa, vidole vyote vikining'inia. Alisema mpira mzuri vile hautupwi, utamfaa kukamulia. Nilizitumbukiza chooni mbele ya macho yake. Hakunisemesha hadi jioni.

Jumapili, tulipotoka kanisani, habari zilikuwa zimefika kabla yetu. Kuna mgomba umewekewa dawa ya hospitali. Kuna ng'ombe amewekwa chini ya uangalizi. Mama mmoja ambaye hunywa maziwa ya pale kila siku alinishika mkono na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nywele zake zitadondoka. Nilimjibu kwamba za kwake zilianza zenyewe zamani. Sijivunii jibu hilo, ila lilikuwa kweli.

Wiki ile ukoo ulikaa kikao. Aliyekiitisha alikuwa baba mdogo wa mume wangu, aliyekuwa na pikapu na kufanya biashara ya kuvusha sabuni na mafuta ya kupikia pale mpakani Holili. Mwanawe alikuwa anaposa, wakwe walitarajiwa kuja, na mbege ya wakwe ilikuwa itoke shamba lile. Wazee saba walikaa sebuleni kwa mama mkwe kuujadili mgomba mmoja.

"Mimi kufa siogopi," alisema baba mdogo. "Naogopa kuua wakwe. Wakinywa hapa, wakaanguka njiani, binti yao tutamwomba nani?"

Mzee mwingine alishauri mgomba ung'olewe. Wa tatu akauliza ung'olewe na nani. Wa nne akataka kujua kama dawa inaweza kupita chini ya ardhi hadi kwake, kwa kuwa shamba lake liko upande wa chini na mfongo wa maji unapita kote kuwili. Nilikuwa nawamiminia chai. Mwanamke aliyeolewa hasemi katika kikao kama hicho, na mimi nilijua hivyo kabisa nilipoweka birika chini.

"Shikamooni wazee," nilisema. "Tangu mmekaa sijasikia mtu akiuliza habari za mtoto. Mwenye dawa mwilini si mgomba."

Nilitegemea kukemewa, na nilikuwa na majibu matatu tayari. Baba mdogo akanitazama kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza.

"Hata sisi tunajiuliza hilo, mama," alisema. "Kama dawa hii tunaiogopa ikigusa mgomba, mtoto mdogo vile anaibebaje?"

Nilichukua birika nikarudi jikoni, na swali likanifuata.

Siku zilizofuata nywele za binti zilianza kubaki kwenye mto. Hamu ya kula ikapungua, akawa anasukuma bakuli la mtori, na mama mkwe akaona ni kwa sababu niliupika mimi. Nilimwogesha nikiangalia mbavu zake. Nilijiambia hivi: mgomba hauna damu, hauna mama, na bado umefungiwa sale usije ukadhuru mtu. Mimi nimevaa glovu ili tone lisiniguse mkononi. Halafu nampeleka mwanangu atiwe dawa hiyo hiyo mshipani, nikimshika mkono asichezecheze. Niliogopa kuliko siku ile ya karatasi ya wino. Siku ile ugonjwa ndio uliokuwa unamuua. Sasa niliona kama ni mimi.

Dripu ya tatu ilikuwa siku ya Jumanne. Nikaamua hatutakwenda, na sikumwambia mtu.

Asubuhi hiyo mama mkwe aliingia chumbani akiwa na gauni la kanisani na mkoba kwapani. Alinikuta nimelala na mtoto, sijafunga hata kilemba.

"Gari halitungojei," alisema.

"Haendi."

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi, mama. Wewe mwenyewe ulifunga sale. Kitu kisichofaa mgomba siwezi kumpa mtoto."

Alikaa kitandani. Nilijiandaa kwa maneno kuhusu watu wa Masama. Badala yake akaniuliza, "Mrututu unaujua?"

"Nani asiyeujua mrututu?" Hakuna mtoto wa mkulima wa kahawa asiyeujua. Ni ile dawa ya bluu inayopuliziwa mikahawa.

"Mtu akiunywa?"

"Anakufa."

"Na mimi tangu niolewe nabeba bomba mgongoni, napuliza. Nguo bluu, kucha bluu. Mume wako amesomeshwa na mrututu. Ugonjwa ukiingia kwenye kahawa, wewe ungepuliza nini? Maziwa?"

Nilimvutia mtoto shuka.

"Siku ya kupuliza, watoto nawaweka wapi?"

"Nje ya shamba."

"Na shamba nalifunga nini?"

"Sale," nilisema, na nilianza kuona anakonipeleka.

"Basi. Nilifunga sale kwa sababu dawa ni kali. Kama si kali, kila wiki tatu tunashuka Moshi kufuata nini? Kali ndiyo tunayoitaka, wewe mtoto. Lakini ikae panapougua, isikae kwenye mbege yangu." Akamchukua mjukuu, akaanza kumvalisha kofia juu ya kichwa chake cheupe cha upara. Kofia ikaingia upande, akaivua akaanza upya. "Usidhani siogopi," alisema. "Naogopa sana. Naogopa nikiwa nimevaa viatu. Na wewe vaa."

Nilivaa. Tukiwa njiani mama mkwe akakiri kwamba alimwonea ng'ombe.

Hospitalini sikungoja kuketi. Nilimuuliza daktari: hii dawa ni salama au si salama?

"Si salama kama maji," alijibu. "Inashusha damu. Inaweza kugusa figo na masikio. Ndiyo maana kila mnapokuja tunapima damu kwanza, tunampima uzito, na kipimo cha dawa kinafuata uzito wa siku hiyo. Akiwa dhaifu mno tunasubiri. Mtu akikuambia haina madhara yoyote, mwanao usimpe huyo. Lakini ugonjwa nao hausubiri, na wenyewe haupimi uzito wa mtu."

Nilitamani aseme tu kwamba ni salama. Lakini kwa kuwa hakusema, nilimwamini. Walimpima, damu ilitosha, dripu ikafungwa. Safari hiyo nilimshika mkono bila kufumba macho.

Mama mkwe alikuwa na shughuli yake kwa sista wa wodi. Alitaka kujua hatima ya mgomba. Sista alicheka hadi akashika meza, akasema mkojo wa mtoto mmoja, mara moja, na mvua zote zile za Marangu, mgomba hauna neno, ila siku nyingine atumie choo. Mama mkwe akamwambia maneno matupu hayatoshi, wazee wa ukoo wanataka maandishi. Na sista yule, Mungu ambariki popote alipo, alichana karatasi ya daftari akaandika: "Mgomba ni mzima. Ndizi zake zinaweza kutumika." Mama mkwe akaitazama, akairudisha.

"Muhuri," alisema.

Muhuri wa wodi hakuupata. Alipata saini mbili, ya sista na ya mfagiaji aliyekuwa jirani. Zilitosha. Karatasi ilisomwa mbele ya wazee saba, ikapita mkono hadi mkono, na mkungu ulipokomaa ukapikwa mbege. Wakwe walikuja wakanywa. Baba mdogo alitangulia kunywa kata nzima mbele ya wote, akasimama kidogo akisikiliza tumbo lake, kisha akaomba ya pili. Posa ilikubaliwa.

Huyo huyo baba mdogo, baada ya dripu ya nne mtoto alipopata homa mchana mmoja, alimwaga maboksi yake ya sabuni kando ya barabara akatupakia kwenye pikapu bila kuuliza neno. Tulilazwa siku tisa. Sabuni alizikuta zimepungua, na hakuwahi kututajia.

Dripu zote sita ziliisha. Pembeni ya jicho alichomwa mara mbili, akavimba kope kama bondia aliyeshindwa, uvimbe ukapungua. Ile nukta ya pembeni waliigandisha kwa baridi. Walipomchungulia mara ya mwisho daktari aliniita, akachora tena jicho, moja tu sasa. Zile nukta mbili akazichora kama makovu. "Zimekufa," alisema. Nilimshika mikono yote miwili pamoja na kalamu.

Kisha nikamuuliza anaona kiasi gani. Daktari alisema kovu moja liko karibu mno na mahali pa kuonea. Mwanga anaona, watu anaona, vitu vikubwa anaona. Zaidi ya hapo kwa mtoto mdogo vile hawawezi kujua. "Tusubiri akue kidogo. Atakuja kutuambia mwenyewe."

Nilisubiri vibaya. Nilimwonyesha kuku nikauliza ni nini hiki, nikamwonyesha tena, mpaka siku moja akanijibu kwamba kuku ni yule yule wa jana. Lakini kuku ni kitu kikubwa. Nilimwekea punje za mahindi sakafuni, akazipapasa kwa mkono, na sikujua kama amezipapasa kwa kuwa haoni au kwa kuwa ni mtoto. Mama mkwe alinikataza, akasema ninamfundisha mtoto kupapasa. Tuliendelea hivyo mwaka mzima na zaidi. Nywele ziliota, nyeusi kuliko za kwanza, akapata jicho la bandia upande wa kushoto, akafikisha miaka mitatu na kitu. Mimi nililala na kuamka na swali moja.

Jumapili moja tulikuwa kanisani, benchi la tano upande wa wanawake. Mume wangu alikuwepo kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, amesinzia ng'ambo ya pili. Mzee wa kanisa mmoja, mtu wa heshima zake, alikuwa mbele kabisa amepiga magoti, visigino vimetugeukia, suruali imepanda, anaongoza sala ndefu. Kanisa zima limeinamisha vichwa. Binti yangu peke yake hakuinamisha.

"Mama," alisema, na sauti yake haikuwa ya kanisani. "Yule babu soksi zake si moja. Moja nyeusi, moja bluu. Ya bluu ina tundu."

Sala ilikatika. Mzee akavuta suruali ifunike visigino, na hapo kila mtu akafungua macho kuhakikisha. Ilikuwa kweli. Moja nyeusi, moja bluu, na kwenye ile ya bluu, kwa mbali vile, tundu dogo ambalo mimi mwenyewe, mwenye macho mawili, ilibidi nikunje uso ndipo nilione. Benchi la nyuma wakaanza kuchekea mitandioni. Mama mkwe alinyoosha mkono amfinye mtoto, kama inavyotakiwa.

Niliushika ule mkono. Nikamwinamia binti yangu, machozi yakimdondokea shingoni, nikamwambia, "Sema tena."